Kadi Isiyo na Muhuri

Murusagamba. Alhamisi, saa tisa alasiri.

Chumba cha nyuma cha kilabu cha Restituta hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na mabenchi mawili, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, na mlango mmoja ambao Frednand aliuegemea kwa mgongo wake. Hakuna aliyetoka kabla yake. Hakuna aliyeingia bila yeye kusogea.

Restituta aliweka kibuyu katikati akataka kuondoka. Frednand akamtazama tu. Mama wa watu akarudi, akainama, akavuta funda moja, akameza, wanaume wote wakimwona. Ndivyo ilivyo huku: anayeleta pombe huionja kwanza. Wengine hufanya hivyo kwa heshima ya mgeni. Frednand alidai hivyo kwa woga, ingawa ukimwambia ni woga angekung'oa meno. Alikuwa ameteka mabasi kwenye pori la Biharamulo tangu wakimbizi wa mwanzo walipovuka mto. Wenzake wa enzi zile walikuwa udongoni, na si wote waliokufa kwa risasi.

"Haya, kijana," alisema. "Eleza hilo tundu lako."

Kijana ni Ntwari, Mhangaza wa Kibimba, mwenye stashahada ya kompyuta na shati safi. Pembeni yake alikaa Laurian wa Nemba, dereva wa malori, mtu mnene asiyependa maneno. Hao ndio genge zima. Zamani walikuwa wengi, lakini mabasi siku hizi yalipita porini kwa msafara, polisi wa skoti mbele na nyuma, na kazi ya bunduki haikulipa tena. Ndiyo maana Frednand, aliyeisoma shule miaka minne akaichukia, alikuwa amekaa anamsikiliza mtoto wa kompyuta.

Ilikuwa 2007. Kambi ya Lukole ilikuwa inafungwa. Warundi walikuwa wanarejeshwa kwao kwa malori, na ghala la shirika la wakimbizi pale Kibimba lilikuwa limejaa makopo ya mafuta ya kula, posho ya watu wa safari. Kila lori lililoingia kuchukua mzigo lilikuja na kadi yenye mistari myeusi. Mistari ya juu ilitaja mzigo. Mistari ya chini ilikuwa muhuri wa ofisa aliyeuidhinisha, tarakimu za siri ambazo kila ofisa alikuwa na zake. Mashine ya getini ikisoma vyote viwili, ikakubali, makuli wanapakia na mlinzi hana neno.

Programu ya mashine hiyo ilitengenezwa na kampuni fulani ya Dar, na Ntwari ndiye alikuwa fundi wao huku. Aliwaeleza wenzake kwamba hakuna anayeandika programu yote kwa mkono wake. Kuna vipande ambavyo watu wengine, huko duniani, walishaviandika wakavitoa bure. Mafundi huviita maktaba. Unachukua kipande cha kusoma tarehe kwa huyu, cha kusoma mistari kwa yule, unaunganisha, unauza. Ni sawa na anayejenga nyumba: matofali anafyatua mwenyewe, kitasa ananunua dukani, na hajawahi kukifungua kitasa aone ndani kuna nini.

Kipande cha kusoma muhuri kilikuwa na tundu. Ukikipa kadi ambayo mistari ya chini haipo kabisa, badala ya kusema hakuna muhuri, kinasema sawa. Aliyekiandika alishagundua kosa lake. Alitangaza mtandaoni, akatoa kipande kipya, akawaomba wote wanaokitumia wabadilishe. Ntwari aliwaandikia wakubwa wake Dar. Walimjibu kwamba kipande kile si kazi yao, wao wamekichukua tu, aache kutafuta makuu. Kisha mkataba wake ulipoisha hawakuuongeza.

"Kwa hiyo," Frednand alisema polepole, "wameweka getini kitu cha mtu wasiyemjua, na hakuna aliyeonja."

"Hakuna, mzee."

Frednand alicheka. Lilikuwa jambo la kwanza la kompyuta alilolielewa.

Mwezi uliopita walijaribu. Laurian alipeleka pikapu na kadi isiyo na muhuri aliyoichapa Ntwari, akatoka na mablanketi, mlinzi akampungia mkono. Siku chache baadaye polisi walimkamata Idefonsi, mmoja wa maofisa wa mizigo. Ntwari aliposikia alishtuka. Frednand akamtuliza: yule alikuwa mwizi wa siku zote, arobaini zake zimefika, na hiyo ni bahati yao. Ntwari alikubali. Alikubali kwa sababu kukubali kulimruhusu kulala.

Sasa ilikuwa zamu ya mzigo mkubwa. Lori la Amri, mfanyabiashara wa Biharamulo mjini, lilikuwa tayari limekodiwa na shirika kama malori mengine, kwa hiyo halingeshangaza mtu. Lingeingia foleni Jumatatu asubuhi, mchana kweupe, lipakie mafuta, lishuke hadi Nemba ambako Amri alikuwa na banda. Ntwari angekaa kibanda cha chai ng'ambo ya geti, apige simu akiona polisi.

Alikuwa na sharti moja, na alilirudia hata Laurian akakohoa kwa kuchoka. Dada yake, Priscila, alikuwa ofisa wa mizigo palepale ghalani. Ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Ndiye aliyeuza shamba la migomba ili yeye asome hiyo kompyuta. Lisimguse lolote.

"Kadi haina muhuri," Frednand alimwambia. "Isiyo na muhuri haina jina. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema. Na Jumatatu dada yako yuko mapumziko, zamu ni ya Luhende. Nimeuliza."

Wakanywa. Ntwari hakujiuliza kwa nini mtu aliyeambiwa kadi haina jina alikwenda kuuliza zamu ni ya nani.

Kibimba. Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Kibanda cha chai kilikuwa cha turubai kuukuu la wakimbizi. Ntwari aliinama kuingia, akamkuta mwanamke anageuza maandazi kwa mti. Hakuwa yule wa siku zote. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaomba chai ya rangi, akakaa mahali pa kuona geti.

Malori matano yalikuwa kwenye foleni. La Amri lilikuwa la mwisho. Laurian alikuwa kwenye usukani. Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na utingo mzee aliyevaa kofia ya sufi, na ilimchukua Ntwari muda kumtambua Frednand. Mapajani alikuwa na gunia lililokunjwa. Walikuwa wamekubaliana kwamba bunduki haiji. Chuma kilikuwa kimekuja.

Kisha Priscila akatoka ofisini.

Alikuwa na sweta lake la kijani na kadi mkononi, anawagawia madereva. Ntwari aliiteremsha glasi ya chai mezani taratibu, isimmwagikie.

"Si alikuwa mapumziko, yule?" aliuliza.

Mwanamke wa maandazi alitazama. Alisema Luhende amefiwa na mkwe wake Biharamulo, ameondoka jana, ndiyo maana huyu mama ameshika zamu. Mtu mwema sana yule. Yeye peke yake pale ofisini ndiye aliyekuja kumpa pole siku mume wake alipochukuliwa na polisi.

Ntwari aligeuka akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa Generoza, mke wa Idefonsi.

Angeweza kunyamaza. Chai ilikuwa bado ya moto, na kuna mambo mtu hujua kwamba akiyauliza hataweza kuyarudisha. Akauliza. Generoza akaeleza bila kuacha kugeuza maandazi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasimulia kwa polisi, kwa padri na kwa mwanasheria. Siku ile mume wake aliidhinisha lori moja la mahindi. Hilo alikubali mbele ya kila mtu. Nyuma ya lori hilo iliingia pikapu ikachukua mablanketi. Mashine ikaandika kwamba pikapu nayo ni ya Idefonsi.

"Jina lake mara mbili, moja chini ya jingine," Generoza alisema. "La kwanza analijua. La pili anaapa kwa Mungu hajaliona. Sasa wewe niambie, mashine inaweza kumsingizia mtu?"

Ntwari aligeukia geti.

Alikuwa amelijaribu lile tundu nyumbani, kwenye kompyuta yake, tena na tena. Kila mara mashine ilikubali, na kila mara iliandika jina lake yeye. Hakulishangaa. Lilikuwa jina pekee lililokuwemo. Kumbe kile kipande kikikosa muhuri hakisemi sawa hivihivi. Kinaazima. Kinabaki na muhuri wa kadi iliyopita na kuupachika kwenye kadi mpya. Pengine mwandishi wake aliyasema hayo yote kwenye tangazo, chini huko, ambako Ntwari hakufika. Alisoma mistari ya juu, akapata alichokitaka, akafunga.

Idefonsi alikuwa mahabusu kwa kazi ya mikono ya Ntwari. Na lori la mbele ya lile la Amri lilikuwa na kadi ya Priscila.

Alipiga simu. Kule kwenye lori alimwona utingo akiinua mkono sikioni.

"Toeni lori kwenye foleni," alisema. "Kadi inachukua jina la aliyetangulia. Itaandika dada yangu."

Foleni ikasogea. Sasa kulibaki malori mawili mbele.

"Najua," Frednand alisema.

"Unajua?"

"Tangu yule wa mablanketi. Nilikaa nikafikiri, kwa nini yeye? Wewe una shule, hukufikiri." Sauti yake haikuwa na hasira yoyote. "Njagu wa kituoni akipewa jina, hatafuti jingine. Ni mchongo mzuri kuliko ule ulioniletea. Nilitaka liwe la Luhende. Luhende amefiwa. Nifanyeje?"

"Mzee, nakuomba."

"Mwanamke hafungwi muda mrefu. Kaa hapo unywe chai. Ukisimama kupiga kelele, nitamwanzia yeye."

Simu ikakatika. Pale juu Frednand aligeuza uso kuelekea kibandani, akaweka mkono juu ya gunia.

Lori jingine likaingia. Likabaki moja, lenye kadi ya Priscila, kisha wao. Ntwari alimwona dada yake akicheka na dereva, akafunga kifungo cha sweta, akarudi ofisini. Alimpenda sana wakati ule, na aliona aibu. Alikuwa amewauzia majambazi tundu, akidhani tundu likiuzwa bado linamtii aliyeliuza.

Akatia mkono kwenye pochi. Nyuma ya kitambulisho chake cha kura kulikuwa na kadi nyingine, ngumu, imechakaa kingo. Kadi ya fundi. Kila alipokuja kupima mashine alikuwa anaipitisha hiyo, mashine inalia, anajua inasoma. Ilikuwa na muhuri wake. Kampuni ilipomwachisha kazi hakuna aliyekumbuka kuufuta.

Alilipa chai. Generoza akasema chenji, hakugeuka.

Lori la dada yake lilikuwa linasomwa. Mashine ikalia. Likaingia. Laurian akawasha gari, akaanza kusogea, na Ntwari akavuka barabara mbele ya bampa lake kama mtu aliyechelewa kazini, mikono ikionekana, akimwinulia mlinzi kichwa.

"Fundi! Umerudi?"

"Nimetumwa kupima mara moja tu. Jana ilikuwa inasumbua."

"Inasumbua kila siku hii," mlinzi alisema, akamsogezea.

Hakutazama juu. Alijua kwamba umbali ule Frednand hakosi. Alipitisha kadi. Taa nyekundu ikakimbia juu ya mistari, mashine ikalia mlio wake uleule, na jina lake likapita kwenye kioo na kupotea.

"Iko sawa," alisema. "Endelea na gari lako."

Laurian akanyoosha mkono na kadi isiyo na muhuri. Mashine ikalia. Mlinzi hakutazama hata kioo. Lori la Amri likapita, na juu yake Frednand alikuwa ameinamisha kichwa anamtazama Ntwari, amekunja uso kidogo, kama mtu anayeonja kitu asichokijua ladha yake.

Kibimba. Jumatatu, saa saba mchana.

Lori lilitoka limeshiba, limefunikwa turubai. Laurian alimkwepa kwa macho. Frednand hakumkwepa.

Ntwari alikuwa amerudi kwenye kibanda. Mpaka wa Burundi ulikuwa mbele yake, njia za migombani alizijua tangu utoto, na jioni ile angeweza kuwa anakula samaki ng'ambo. Lakini polisi wa huku wakikosa mtu huchukua ndugu yake, wanamweka ndani hadi mwenyewe ajitokeze. Ndugu alikuwa naye mmoja. Akaagiza chai nyingine, akamwambia Generoza kwamba ndiyo, mashine inaweza kumsingizia mtu, na kwamba Idefonsi atatoka. Mwanamke yule alisimama na mti wake wa maandazi, mafuta yakidondoka, hajui kama huyu ni mlevi au ni malaika.

Mafuta ya Warundi yaligundulika kuwa hayapo siku hiyohiyo, malori ya kambini yalipokuja kuyachukua yakakuta sakafu. Watu waliokuwa wameshafunga mizigo yao walirudishwa mahemani bila posho. Meneja alikwenda kwenye mashine. Akasoma jina.

Polisi walimkuta Ntwari palepale kibandani. Walimpiga kidogo barabarani, kwa ajili ya watu waliokuwa wanatazama, na zaidi kituoni. Aliwaeleza habari ya Idefonsi na ya kile kipande cha programu, jinsi kinavyoazima muhuri. Mkuu wa kituo aliandika, akamwambia arudie taratibu, akaandika tena. Lakini walipouliza alikuwa na nani, alisema alikuwa peke yake. Waliuliza kwa maneno, wakauliza kwa kirungu. Frednand alijua Priscila analala nyumba gani, dirisha lipi. Ntwari aliamini kwamba akinyamaza yeye, naye Frednand atatulia. Hakuwa amewekeana naye ahadi yoyote. Alijipa mwenyewe.

Kituo cha polisi. Jumanne, saa nne asubuhi.

Priscila alikuja na kapu. Alikuwa amelia njiani akamaliza, uso umevimba. Alipanga vyombo kwenye sakafu nje ya nondo bila kusema, kwanza sahani, kisha bakuli, kama alivyokuwa anampangia zamani kabla hajaenda shule. Ugali wa muhogo. Maharage. Kidumu kidogo cha njano.

"Kula," alisema. "Utanieleza ukishiba."

"Dada, nisamehe."

"Nimesema kula."

Ntwari alinyoosha mkono kupitia nondo, akamega ugali. Alikuwa hajala tangu jana. Maharage yalikuwa ya dada yake, yenye karanga, hakuna mwingine anayepika hivyo, na machozi yakamtoka akiwa anatafuna. Priscila akammiminia kutoka kwenye kidumu, akasogeza kikombe karibu na mkono wake. Juisi ya ndizi, nzito, yenye povu.

"Umekamua wewe?"

"Mimi ningeupata wapi muda, na ndizi zenyewe? Kuna mzee wa Murusagamba amenisubiri njiani. Anasema alimjua baba. Amenipa pole, akasema anasikia unapenda juisi, nikuletee." Alifuta uso kwa kanga. "Watu wana utu bado."

Mkono wa Ntwari ulisimama.

"Alionja? Huyo mzee. Alionja mbele yako?"

"Nilitaka kumwambia. Nikaona aibu, ni mtu mzima, ana mvi." Alijaribu kutabasamu. "Usiogope. Hapo kaunta askari hawaruhusu chakula kipite bila mwenye kukileta kuonja. Nimeonja vyote. Hiyo juisi nimekunywa kikombe kizima, nilikuwa na kiu, nimetembea kutoka nyumbani. Ina uchachu kidogo tu."

Ntwari alimtazama. Aliona jasho juu ya mdomo wake, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Aliona jinsi alivyoshika tumbo kwa mkono mmoja bila kujua kwamba amelishika.

Akapiga kelele. Alipiga nondo kwa bakuli, kwa viganja, kwa paji la uso, akiita gari, akiita hospitali, akiita kila jina alilolificha chini ya kirungu. Askari wa kaunta alikuja akidhani ni vurugu za mahabusu. Alipofika, Priscila alikuwa amepiga magoti kando ya kapu, anashangaa, anasema ni kizunguzungu tu, jana hakulala.

Walimbeba. Landrova ya kituo ilikataa kuwaka, wakaisukuma, ikawaka. Ntwari aliisikia ikishuka kilima.

Mkuu wa kituo alileta kiti akakaa mbele ya nondo. Hakuhitaji kuuliza. Frednand wa Murusagamba, chumba cha nyuma kwa Restituta. Laurian wa Nemba. Banda la Amri, na njia ya kufika bila kuonekana kutoka barabarani. Yote yalimtoka mfululizo, na katikati yake alikuwa ananyamaza kusikiliza kilima, kisha anaendelea. Askari walitumwa. Mafuta yalikutwa Nemba na Laurian amelala juu yake. Frednand aliuawa kwa risasi mtoni jioni ile, kama ambavyo watu wengi walitabiri miaka na miaka, na habari hiyo haikumsaidia mtu yeyote.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Asubuhi ile, kabla mkuu wa kituo hajafika mwisho wa ukurasa, mlio wa Landrova ulisikika ukipanda kilima. Hospitali ilikuwa mbali. Haikuwa imefika.

Dereva aliingia kaunta, akatundika ufunguo kwenye msumari. Hakutazama upande wa mahabusu. Akamuuliza askari wa zamu, kwa sauti ndogo, kama marehemu ana ndugu mwingine zaidi ya huyu wa ndani.